Mwiba wa mkonge umekatikia unyayoni, eksirei inasema hakuna kitu

SWALI

Daktari, salaam na heshima.

Mimi ni mkata mkonge kwenye shamba moja huku Korogwe, umri wangu miaka 41. Mwanzoni mwa masika nilikanyaga ncha ya jani la mkonge, zile tunazozikata kabla ya kufunga matita na kuziacha mstarini. Siku hiyo nilivaa malapa kwa sababu buti zilikuwa zimetoboka. Mwiba ulipita kwenye lapa ukaingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, pale kwenye nyama inayobeba uzito. Niliuvuta ukatoka, ila kuutazama nikaona umekatika, ile ncha yenyewe haipo. Niliitafuta kwenye lapa na chini, sikuiona.

Zahanati walinisafisha, wakanipa amoksilini na vidonge vya maumivu, kidonda kikafunga. Baadaye pakavimba, pakatumbuka, ukatoka usaha kidogo, pakafunga tena. Tangu hapo mwendo ni huo huo: nikimeza dawa panatulia, dawa zikiisha panarudi. Nikikanyagia sehemu moja tu, nachomwa kama siku ya kwanza. Hospitali walinipiga picha ya eksirei, wakasema mfupa mzima, hakuna kitu, nikapumzike.

Mke wangu na shemeji zangu wanasema kama picha haioni basi nimetupiwa. Nilipelekwa kwa mzee mmoja, akanichanja na kuniumika pembe, akatoa kipande cha chupa na unywele. Maumivu yalipungua kidogo, yakarudi. Mwenzangu wa kazini naye anasema akipata wembe mpya na mshumaa atauchokoa mwenyewe.

Naomba kujua: kitu kimo au hakimo? Kama kimo, mbona picha haikukiona? Nikaombe kipimo gani? Na ni kweli mwiba ukikaa mwilini hutembea mpaka moyoni?

Mkata mkonge, Korogwe

JIBU

Ndugu yangu, pole sana na mguu. Kwa jinsi ulivyoeleza, uwezekano ni mkubwa kwamba kipande cha ule mwiba bado kimo. Mwiba ulitoka umekatika na ncha haikuonekana. Maumivu yako yana anwani moja, hayahamihami. Na jipu linalotulia kwa dawa na kurudi dawa zikiisha, mahali pale pale, mara nyingi lina kitu kinacholilisha. Bakteria hujenga utando juu ya mwiba, na mwiba hauna damu inayopita ndani yake kuwapelekea dawa. Vidonge huwaua walio kwenye nyama ya pembeni, wale wa kwenye mwiba wanabaki, kisha wanaanza upya.

Kuna na jambo la malapa. Mwiba unaopita kwenye mpira uliolowa jasho na tope unaweza kuingiza bakteria aitwaye Pseudomonas, na huyo amoksilini haimgusi kabisa. Mwiba waweza pia kusukuma chembe ya mpira wenyewe. Kama lapa lile bado unalo, lichunguze: tundu lenye kingo zilizomeguka ni habari ambayo daktari anaihitaji.

Sasa hiyo picha. Eksirei huonyesha vitu kwa uzito wao: chuma na mfupa huzuia mionzi, vikatokea vyeupe. Sindano ya cherehani, msumari, kokoto na vioo karibu vyote huonekana, kioo hata kikiwa cha milimita 2 hivi. Watu wengi hudhani kioo hakionekani kwa kuwa macho yetu hupenya. Mionzi haijali hilo. Mti, mwiba, plastiki na mpira uzito wao unakaribiana na nyama, kwa hiyo kwa kawaida eksirei hupita humo kana kwamba hakuna kitu. Aliyesoma picha yako huenda hakukosea neno: mfupa ulikuwa mzima, na kitu cheupe hakikuwemo. Kosa ni kuigeuza ripoti hiyo kuwa "mguuni hamna kitu". Mwiba wa mkonge ni mmea, na kipimo kilichotumika si cha mimea.

Hata hivyo picha hiyo usiitupe, nenda nayo, na usishangae wakitaka kupiga nyingine. Mfupa ukishambuliwa na bakteria, mabadiliko hayaonekani kwenye eksirei mpaka zipite siku 10 hadi 14, pengine zaidi. Picha ya mapema ikiwa safi na ya sasa ina doa au ganda jipya juu ya mfupa, tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu. Sehemu uliyochomwa nyama si nyingi kufikia mfupa na kifundo cha kidole, kwa hiyo hilo si la kupuuza.

Kipimo cha kuomba ni ultrasaundi ya unyayo. Mashine karibu ni ile ile wanayopimiwa wajawazito, ila kichwa chake ni tofauti. Kile cha mimba kimepinda na huona mbali ndani ya tumbo. Wewe unahitaji kile bapa kilichonyooka, kinachotumika kupimia shingo, matiti na mishipa, cha megahezi 7.5 kwenda juu; 10 hadi 15 ni bora zaidi. Ukiona wanakupitishia kile kilichopinda, uliza kwa adabu kama kile bapa kipo. Si ujuaji, ni mguu wako. Mwiba wa sentimita moja ulio milimita 8 chini ya ngozi, kile cha mimba kinaweza kuupita bila habari.

Ngozi ya unyayo wa mtu anayeshinda shambani ni nene na kavu, na sugu huzuia mawimbi. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu robo saa asubuhi ya kipimo, mradi kidonda kimefunga. Kama kiko wazi, acha. Mpimaji mzoefu anaweza kukuwekea mguu ndani ya beseni la maji na kupitisha kichwa cha mashine ndani ya maji bila kugusa ngozi. Husaidia sana palipo na maumivu, kwa sababu hakandamizi na picha hutoka safi.

Mwiba ukiwepo, kwenye skrini huonekana mstari mweupe unaong'aa, chini yake kivuli cheusi kinachoshuka, na kuuzunguka kuna duara la rangi ya giza. Duara hilo ni usaha, maji au nyama inayopigana na mgeni. Huanza kujitokeza siku chache baada ya kuchomwa, ndiyo maana kwa upande huu kuchelewa kwako kunasaidia: kitu kilichokaa na kuzungukwa na uvimbe ni rahisi kukiona kuliko cha jana. Mpimaji ageuze kichwa pande mbili, kwa urefu na kwa upana, maana mwiba ukikatwa kimkingamo huonekana nukta tu. Aupime na mguu wa kushoto mahali pale pale. Hili kwako ni la lazima, kwa sababu chini ya kidole gumba kila mtu ana vijifupa viwili vya mviringo, vidogo kama punje, navyo hung'aa na kutoa kivuli. Wapo waliopasuliwa wakitafutwa mwiba, kumbe ni kijifupa chao cha kuzaliwa. Kovu gumu na punje za chokaa nazo hudanganya, na hewa ndiyo hudanganya kuliko vyote.

Hapo kwenye hewa ndipo namjibu mwenzako mwenye wembe na mshumaa. Ukichokonoa kidonda unaingiza vipovu vya hewa na damu, na vipovu hung'aa kwenye ultrasaundi kama mwiba. Kipimo ambacho kingetoa jibu leo kitavurugika kwa siku kadhaa. Isitoshe, nyama ile ina neva za kidole na kano inayokikunja. Neva ikikatwa huota kinundu kinachouma kukanyagia, na miezi baadaye utaapa kwamba mwiba bado umo. Masizi ya mshumaa kwenye wembe si usafi. Tena mwiba wa mkonge ni mkavu, ukishikwa vibaya unapasuka vipande. Mshukuru kwa moyo wake, umkatalie.

Kabla ya kwenda, andika karatasi moja. Tabibu ana foleni ndefu, na fomu ikiandikwa "maumivu ya mguu" mpimaji atatafuta jipu tu. Maneno kama haya yatosha:

"Nilichomwa na mwiba wa mkonge mwezi wa tatu, ukipitia kwenye lapa la mpira, chini ya kidole gumba cha kulia. Mwiba ulitoka bila ncha. Tangu hapo usaha unarudi mahali pale pale. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Dawa nilizomeza: amoksilini, mara ya mwisho tarehe fulani. Nimechanjwa na kuumikwa hapo hapo. Sindano ya pepopunda ya mwisho: sijui au mwaka fulani. Naomba ultrasaundi ya nyama laini kutafuta kipande cha mmea."

Weka mwezi na tarehe zako sahihi. Chukua na ncha mbili tatu nzima za mkonge kutoka shambani, uzifunge kwenye karatasi. Ncha hizo huwa na urefu wa sentimita 2 hivi, na anayeziona mkononi anajua anatafuta kitu cha umbo gani na unene gani. Usiku wa kuamkia safari, bonyeza unyayo taratibu kwa upande butu wa kalamu, mahali panapochoma sana uweke nukta ya wino. Utamwokolea mpimaji dakika nyingi.

Ripoti nzuri haiishii kwenye "kuna kitu". Itaje urefu wa kitu, kina chake kutoka kwenye ngozi kwa milimita, kimelalia upande gani, na kiko umbali gani na kano, mshipa wa damu na kifundo. Bora kuliko karatasi ni alama ya kalamu juu ya ngozi, ncha ya huku na ncha ya huko, ikiwekwa mguu ukiwa umelazwa vile utakavyolazwa wakati wa kupasuliwa. Mguu ukikunjwa tofauti nyama huteleza na alama inahama. Ikiwezekana kipimo na upasuaji viwe siku moja.

Korogwe kuna hospitali ya wilaya, anzia huko kwa rufaa. Kama hakuna kichwa bapa au mtu wa kukitumia, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, ndiyo hatua inayofuata, kisha hospitali ya KCMC, Moshi. CT skani, picha ya mionzi inayopigwa vipande vipande, siyo ya kukimbilia: mti mkavu humo huweza kuonekana mweusi kama hewa ukapitwa, gharama ni kubwa, na mionzi pia. Daktari ataitaka kama kitu kiko ndani sana au kimeingia kwenye mfupa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huonyesha vizuri uvimbe unaozunguka mwiba kuliko mwiba wenyewe. Ukifika huko, sema mapema kama umewahi kurukiwa na chuma jichoni au una chuma chochote mwilini, maana sumaku yake huvuta.

Ultrasaundi ikiuona, upasuaji wenyewe si mkubwa. Unachomwa ganzi, unafungwa mpira wa kubana damu ili sehemu iwe kavu na daktari aone, anachana kwa kufuata urefu wa mwiba na kuutoa mzima pamoja na ile nyama iliyouzunguka. Ganzi ikimwagwa nyingi pale pale nyama inavimba na mwiba unapotea, kwa hiyo wengi huchoma ganzi kwenye neva za kifundo cha mguu. Daktari makini hujiwekea mpaka, tuseme nusu saa. Asipoupata anaacha na kurudi na ultrasaundi mezani. Akikuambia hivyo usimwone hajui kazi. Wa kuogopwa ni yule anayeendelea kuchimba.

Mwiba ukitoka, upimwe urefu kwa rula mbele yenu na kulinganishwa na ripoti. Ripoti ikisema milimita 9 na kilichotoka ni milimita 5, kazi haijaisha. Usaha na kipande cha nyama vipelekwe maabara kuoteshwa bakteria na kuvu. Hapa kuna kosa ambalo wengi hufanya: wanameza antibayotiki mpaka asubuhi ya upasuaji, maabara haioteshi kitu, daktari anabaki kukisia. Muulize mapema kama usitishe na kwa siku ngapi. Lakini kama una homa au wekundu unapanda, usisitishe lolote kwa hiari yako. Na usijinunulie siprofloksasini duka la dawa eti kwa kuwa nimemtaja Pseudomonas. Jibu la maabara ndilo lichague dawa.

Kidonda chenye usaha hakishonwi kikafungwa. Kinaachwa wazi, kinasafishwa, kinajifunga kutokea chini. Panga kukaa bila kukanyagia kidole hicho wiki mbili hivi au zaidi, kadiri kidonda kitakavyoamua.

Sindano ya pepopunda hukuitaja, nami nashuku hukuchomwa. Akina mama huchomwa kliniki wakiwa wajawazito; wanaume wengi ya mwisho ni ya utotoni. Kwa kidonda kichafu, kama imepita miaka 5 tangu ya mwisho, unahitaji nyongeza. Kama hujui umechomwa ngapi, anza tatu upya: ya leo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12. Pepopunda kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 3 hadi 21 na wakati mwingine huchelewa, na mguu wako unakaribia kufunguliwa tena.

Je, ultrasaundi ikisema hakuna? Uliza kwanza ilifanywa na nani na kwa kichwa kipi. Kama jibu halikuridhishi, rudia kwa mtu aliyezoea misuli na mifupa. Ikiwa kweli hakuna, bado kuna maradhi ya kutafuta: usaha ndani ya mfupa, kinundu cha neva, au sukari ya damu iliyopanda bila wewe kujua, ambayo huzuia vidonda kupona na inapimwa kwa tone la damu. Lipo pia la polepole zaidi, maisetoma, ugonjwa wa kuvu au bakteria wanaoingia kwa miiba, ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Dalili yake ni uvimbe mgumu usiouma sana, wenye matundu yanayotoa punje ndogo nyeusi, nyeupe au nyekundu. Wewe maumivu yako ni makali, kwa hiyo silo la kwanza ninalolifikiria, lakini ukiona punje kwenye usaha zihifadhi kwenye kichupa safi uende nazo.

Kuhusu mzee aliyekuumika, sitagombana na shemeji zako. Ila fikirini pamoja: kilichoingia ni mwiba wa mkonge, kilichotoka ni chupa na unywele. Hesabu hiyo haikubali. Halafu chupa ni kitu eksirei hukiona vizuri, na eksirei yako haikuona chupa. Nafuu uliyoipata inaelezeka: chale zilipunguza usaha uliokuwa umejikusanya, na usaha ukipungua maumivu hushuka, kisha hujaa tena. Chale hazifiki ulipo mwiba. Kinachonisumbua ni ule wembe. Kama huna uhakika ulikuwa mpya, pima virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B kwa safari hiyo hiyo.

Na moyo? Vitu vyembamba husogea kidogo ndani ya nyama, milimita au sentimita, hasa mtu akiendelea kutembea, ndiyo sababu aliyekanyaga sindano huambiwa asikanyage mpaka apigwe picha. Mwiba uliozungukwa na kovu na usaha kwenye unyayo hausafiri mpaka moyoni. Hatari yako iko jirani: mfupa na kifundo cha kidole gumba.

Usisubiri kipimo, nenda siku hiyo hiyo, ukipata homa na baridi, mstari mwekundu unaopanda mguuni, tezi chungu kwenye kinena, kidole kisichokunjika, ngozi kuwa nyeusi, au taya kukaza.

Jambo la mwisho, watu wa mashamba hulisahau. Umeumia kazini. Mwajiri anawajibika kuripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake hutolewa na mwajiri wala haikatwi kwenye mshahara wako, na gharama za matibabu ya majeraha ya kazini zimo. Peleka taarifa kwa maandishi kwa msimamizi wiki hii, taja tarehe, mahali na aliyekuwepo, mtaje na kwamba buti zilikuwa zimetoboka. Nakala ya barua, stakabadhi na filamu za picha zote ubaki nazo wewe nyumbani.